Lori la Baba Mkwe Lililogoma Kuingia Mjini

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mume wangu alinipeleka kwao, upande wa Kiwira, nikalelewe uzazi na mama yake. Alikaa siku mbili akarudi kazini Mafinga, akaniacha na kitoto cha wiki tatu, uji wa pilipili manga, ndizi za kila aina na mvua isiyojua kukatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa usingizi wa vipande vipande. Sikuwa nimejiandaa kutengeneza lori.

Niseme kwanza habari ya mkwe. Mimi ni Mhehe. Kwetu baba mkwe anaheshimiwa, lakini unamsalimia, unamwekea maji ya kunawa, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa wa umri wa baba mkwe wangu mambo ni mengine. Mkamwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mmoja wao anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Vijana wengi wameshayaacha hayo. Mzee wetu alikuwa hajayaacha. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeuona mgongo wake mara nne, na kofia yake mara nyingi zaidi, ikipita juu ya ua wa majani.

Huyu mzee aliendesha malori ya mbao kutoka Mafinga kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi magoti yalipokataa klachi. Alipostaafu akawa mtu mgumu kukaa naye. Mama mkwe alinieleza kwamba alikuwa akisimama zizini anamwelekeza ng'ombe namna ya kurudi nyuma. "Kata kushoto! Kata! Nyoosha!" Ng'ombe akagoma kutoa maziwa. Ndipo mume wangu akamletea kompyuta ya mezani iliyotumika, pamoja na usukani na pedali za plastiki, na mchezo wa kuendesha malori katika barabara za Ulaya. Mzee akatulia. Kila siku baada ya chai alivaa koti lake la kazi, akakaa sebuleni, akawasha gari. Majina ya miji ya Wazungu yalimshinda, kwa hiyo akaipa majina anayoyajua. Mteremko wowote mkali ulikuwa Kitonga. Kijiji chenye mizani kilikuwa Makambako. Na lile jiji kubwa lenye madaraja juu ya madaraja lilikuwa Dar.

Tatizo ni kwamba Dar alikuwa hafiki.

Niliisikia habari hiyo siku ya tatu. Nilikuwa chumbani kwangu, mwisho wa korido, nanyonyesha. Injini ilikuwa inanguruma sebuleni, mara ikakatika ghafla. Halafu yakafuata maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuyaelewa, ila mama mkwe aliingia mbio akamziba mtoto masikio.

"Ni nini, mama?"

"Si hilo lori lake. Linakwenda, linakwenda, likiuona mji linakufa. Mwezi wa pili huu."

Sasa mimi kazi yangu ni hiyohiyo. Nina chumba cha ufundi Mafinga, jirani na viwanda vya mbao, na vumbi la msumeno likiingia kwenye kompyuta za watu ndipo wananikumbuka. Kukaa kitandani nikisikia kompyuta inazima mita nane kutoka nilipo, nisiiguse, ilikuwa kama muuguzi kusikia mtu anakohoa nyuma ya pazia.

"Mama, ikizima inaandika nini kwenye kioo?"

Mama mkwe alinitazama, akakaza khanga yake kiunoni, akaenda. Alirudi baada ya muda.

"Anasema inaandika Kiingereza."

"Kiingereza gani?"

Akaenda tena. Akarudi. "Anasema kirefu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi chumbani, mzee sebuleni, na mama mkwe njiani, na kukiwa na mvua juu ya bati hata angepiga kelele mtu nisingesikia neno. Mama mkwe alikuwa ameishia darasa la nne na kompyuta alikuwa haipendi kabisa. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya kina mama kanisani, mtu wa kusikilizwa, asiyezoea kutumwa. Lakini alinihurumia, na nadhani alikuwa amechoka na yale maneno ya Kinyakyusa.

Mzee alikuwa ameshajitibia mwenyewe kidereva. Kwa maoni yake injini ilikuwa inachemsha. Alifungua mfuniko wa ubavuni wa sipiyu, lile sanduku la kompyuta, akaisogeza dirishani, na kila alipofika mahali alipopaita Ruaha Mbuyuni alisimamisha lori, akashika ungo, akaipepea kwa dakika kumi. Sikumcheka. Joto huzima kompyuta kweli, na mtu aliyefikiria joto kwanza amefikiria vizuri.

Jumatano alipokwenda kunyolewa, mama mkwe aliniletea sipiyu chumbani. Aliibeba kichwani, waya zinaning'inia usoni kama shanga. Niliifungua juu ya kitanda, mtoto amelala pembeni. Ndani kulikuwa na vumbi, majani makavu yaliyoingia kwa dirisha, na mende mmoja aliyekufa siku nyingi juu ya feni. Nikasafisha kwa brashi ya viatu. Kisha nikaona kitu kingine. Kompyuta ile ilikuwa na vijiti viwili vya RAM, na kimoja kilikuwa kimekaa upande, hakijaingia sawasawa, meno yake yameshika ukungu wa baridi ya kule. Nilimweleza mama mkwe kwamba RAM ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, vitu vinaanguka. Mzee alikuwa anafanyia kazi nusu meza.

Nikaomba kifutio cha penseli, nikayasugua yale meno mpaka yakang'aa, nikakibana kijiti mpaka kikalia *tak*.

Kesho yake, kwa njia ya kuzunguka, lori lilikwenda saa nzima na nusu badala ya dakika arobaini. Nilisikia honi ya furaha. Nikasikia akishuka Kitonga kwa gia ndogo, akipanda tena, akipita mizani. Halafu likazima palepale, mlangoni mwa Dar.

"Mwambie apunguze ubora wa picha," nilimtuma mama mkwe. "Aondoe vivuli vya miti, na vile vioo vya pembeni vya lori avizime. Vinakula sana."

Jibu lilirudi haraka. Vivuli vya miti amekubali, miti ameshaibeba miaka thelathini, hana hamu nayo. Lakini vioo hapana. "Anasema, dereva gani anaendesha bila saiti mira? Anasema kama ndivyo mnavyofundishwa huko Mafinga, ndiyo maana malori yanaanguka Nyololo kila siku."

Niliacha vioo. Nikamtuma tena, aondoe vikorombwezo. Mume wangu alikuwa amempakulia honi za muziki, mapazia ya dirishani, taa arobaini za mbele na maandishi ya nyuma ya tela. Aliondoa mapazia. Taa alibakiza, kwa sababu ya ukungu. Nikamwuliza mama mkwe, ukungu gani, huko Ulaya kwenye kioo? Akasema, "Mwanangu, mimi naleta tu."

Siku ya Ijumaa nilifanya kosa. Nilikuwa nimemwomba mzee, kwa njia ileile, anakili herufi kwa herufi kile Kiingereza kirefu. Alikinakili kwa mwandiko mzuri wa mtu anayejaza vitabu vya safari. Nilipokisoma nikafurahi, maana hatimaye ugonjwa ulikuwa umejitaja. Nikamwambia mama mkwe kwa haraka, mtoto analia: "Mwambie kumbukumbu haitoshi."

Akaenda. Kisha sauti ya mzee ikapanda, kwa Kiswahili, ili nisipate kisingizio.

"Mwambie! Mwambie mimi kumbukumbu yangu inatosha! Chalinze! Morogoro! Mikumi! Ruaha Mbuyuni! Ilula! Iringa! Ifunda! Mafinga! Nyololo! Makambako! Igawa! Chimala! Igurusi! Uyole! Nimeruka wapi? Aseme, nimeruka wapi?"

Nilitaka kufa. Mkamwana kumtumia baba mkwe ujumbe kwamba akili zimeanza kumtoka, na yeye amekula ndizi zao tangu afike! Nikamwomba mama mkwe arudi, aeleze kwamba kumbukumbu ni ya mashine. Alikwenda, lakini aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu anayebana kicheko. "Nimemwambia. Anasema mashine ni yake, kwa hiyo umemsema yeye."

Siku mbili kompyuta haikuwashwa. Ng'ombe akaanza kuelekezwa tena.

Jumapili jioni mama mkwe aliingia na daftari la mistari lenye jalada la plastiki. Mzee amelituma, alisema, ili nione kumbukumbu zake ziko wapi. Nililifungua. Tangu siku ya kwanza lori lilipozima alikuwa ameandika kila safari: siku, mzigo, mahali lilipozimia, na dakika lililokwenda. Hakuna mteja wangu hata mmoja Mafinga aliyewahi kunipa kitu kama kile. Wateja wangu husema "imekufa tu yenyewe."

Nililisoma mtoto akiwa begani. Mambo mawili yalionekana. La kwanza, lori lilizimia daima pale jiji kubwa linapoanza kuonekana, na hilo halikunishangaza, maana jiji lina majengo mengi na magari mengi, meza inahitaji kuwa pana. La pili lilinisumbua. Kila wiki, Jumatatu, dakika zilipungua, lori likafa mbali kidogo zaidi na mji. Jumamosi lori linakwenda dakika hamsini, Jumatatu arobaini na tano. Wiki inayofuata, arobaini na mbili. Kuna kitu kilikuwa kinatokea Jumapili, na kompyuta haisali.

Nikafikiria diski, nikamweleza mama mkwe kwa mfano uleule. Meza ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, huweka vitu huko kwa muda kama mtu anayeweka vyombo sakafuni. Sakafu nayo ikijaa, basi.

"Mama, mwulize diski ina nafasi kiasi gani."

Mama mkwe alisimama kidogo. "Diski?"

"Aangalie, ni mstari tu. Kama ni mwekundu aniambie."

Alitoka. Safari hii hakukawia hata kidogo. "Anasema nafasi ipo tele."

Nikaduwaa. Kwa siku tatu nilihangaika na mambo mengine. Nikatuma maagizo ya kuzima hiki na kusasisha kile, mzee akatii yote kwa ukimya wa mtu aliyekosewa, na lori likaendelea kufia mlangoni mwa mji.

Alhamisi kukatokea msiba kijiji cha pili, na mama mkwe akaondoka asubuhi na kwaya yake. Tukabaki nyumbani watu watatu: mimi chumbani, mzee sebuleni, na mtoto. Saa nne lori likaondoka. Nililisikia likipita miji yake yote. Kisha likakatika.

Nilingoja maneno ya Kinyakyusa. Hayakuja. Badala yake nikasikia ndara kwenye korido, taratibu, za mtu mwenye magoti mabovu. Zikasimama nje ya pazia la mlango wangu. Nikajifunika khanga kichwani nikageukia ukutani, ingawa pazia lilikuwa limefungwa.

Mzee akakohoa.

"Mjukuu wangu," alisema. "Umeamka?"

Mtoto alikuwa macho, anatazama bati.

"Mjukuu wangu, bibi yako hayupo. Mwulize mama yako, hii gari nifanyeje."

Nikamwinamia mtoto nikamwambia kwa sauti ya kufika korido: "Mwambie babu, kwanza mama anaomba radhi kwa lile neno la kumbukumbu. Daftari lake ni zuri kuliko la fundi yeyote."

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako hayo yameisha."

"Mwambie babu aende afungue picha ya kompyuta, ile ya mwanzo, aangalie mstari wa diski. Mama alituma swali hilo Jumapili, babu akajibu nafasi ipo tele."

"Mjukuu," alisema mzee polepole, "babu hakuulizwa kitu Jumapili."

Upande wangu wa pazia nikamkumbuka mama mkwe, alivyorudi na jibu bila kukawia.

Ndara zikaenda. Zikarudi. "Mwambie ni mwekundu. Mwekundu mpaka mwisho, kama mshale wa mafuta."

"Mwambie afungue ndani, atafute kilicho kikubwa."

Alikwenda na kurudi mara tano. Katikati mtoto akasinzia. Mzee aliposikia nimeshusha sauti akauliza, "Mkalimani amelala?" Nikasema, "Mwambie babu mkalimani amelala lakini anasikia." Nikamsikia akicheka puani.

Mara ya tano hakurudi. Badala yake ukaja muziki kutoka sebuleni. Kinanda, kisha sauti za kina mama, na juu ya zote sauti moja niliyoijua, maana kila asubuhi ilinipigia kelele ninywe uji. Kumbe mpiga picha wa kanisa alikuwa hana pa kuwekea video za kwaya, na kila Jumapili baada ya ibada, mzee akiwa bado nje ya kanisa anazungumza na wenzake, alikuja na flashi akazimimina kwenye kompyuta ya sebuleni. Aliyemfungulia mlango alikuwa mama mkwe.

Wimbo uliisha. Ukaanza mwingine. Mzee aliutazama wote. Kisha ndara.

"Mjukuu wangu, bibi yako ndiye amepaki katikati ya barabara."

"Mwambie babu asifute kitu," nilisema haraka.

"Nifute?" Aliogopa kweli. "Nifute, nile wapi?"

Mama mkwe alirudi alasiri, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alimkuta mzee sebuleni amekunja mikono, na kwenye kioo yeye mwenyewe amesimama mstari wa mbele, mdomo wazi. Nilisogea hadi kwenye pazia nikasikiliza bila aibu yoyote.

"Mkamwana alinitumia swali," alisema mzee. "Lilipotelea wapi?"

"Lilipotelea njiani."

"Njia ni ya hatua kumi."

"Sasa ulitaka nilete maneno ya kujifukuza mwenyewe?" Mama mkwe alipandisha sauti ile ya kwaya. "Nilijua mtafika huko. Tangu aliposema vyombo vimejaa sakafuni, nikajua sakafu yenyewe ni mimi. Wewe una Ulaya nzima mle ndani, ina barabara, ina miti, ina Wazungu. Mimi nina nyimbo sitini. Nani ahame?"

Kusema kweli, fundi mwenyewe sikujua nimhamishe nani.

Usuluhishi ulifanyika kwa simu. Nilimpigia mume wangu, akatuma kupitia dereva wa fuso la mbao diski ndogo ya nje, ile ya kuchomeka. Mama mkwe aliisimamia kazi ya kuhamisha tangu mwanzo hadi mwisho. Alikaa kitini mbele ya kompyuta saa mbili na nusu, akitazama ule mstari wa kijani ukisogea, na kila wimbo ulipovuka alitaja jina lake. Nilimtumia maagizo mzee kupitia mtoto, sasa bila woga mwingi: aongeze ile nafasi ya kuazima kwenye diski, asiiwekee kikomo, azime awashe tena. Diski ya nje ilipojaa nyimbo mama mkwe aliichomoa, akaifunga kwenye leso, akaiweka kabatini pamoja na Biblia.

Asubuhi iliyofuata mzee alivaa koti na kuongeza kofia. Mama mkwe alileta kigoda akakaa nyuma yake, kuhakikisha, alisema, kwamba alihamishwa kwa sababu ya maana. Mimi nilikaa kwenye sakafu ya korido na mtoto, mahali ambapo wao hawanioni nami siwaoni.

Lori likashuka Kitonga. Likapita mizani. Likapita ile dakika ya kufa, na mzee akashusha pumzi kwa nguvu hata mimi nikaisikia. Honi ikalia. Ameingia mjini.

Kwa dakika ishirini zilizofuata sikuwahi kusikia mtu akiteseka vile. Mzunguko baada ya mzunguko. Taa nyekundu, taa nyekundu nyingine. Mabasi yakimkatia mbele. Tela lake likang'oa mlingoti, akarudi nyuma, akaziba njia zote nne, Wazungu wakampigia honi, naye akawapigia zile za muziki. Mama mkwe alikuwa akipiga kelele, "Kushoto! Kata! Nyoosha!" Mwishowe akafikisha tela kwenye ghala, mchezo ukampongeza kwa mlio.

"Ulikuwa umebeba nini?" aliuliza mama mkwe.

"Mbao."

"Umetoka na mbao huko milimani kote, miezi miwili, unawapelekea hawa?"

Mzee alifikiri. Nikasikia injini ikiwashwa tena, gia ikiingia.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Narudi Makambako," alisema. "Mji huu hauna hata pa kunywea chai."